Mfumo endeshi uje mwisho

Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wakuu wa ofisi wananiuliza swali moja kuliko yote: tuhamie Linux, mfumo endeshi wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows? Wana sababu. Ofisi nyingi ninazozihudumia zinatumia kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya au Dubai kabla ya kufika kwetu. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha nane kwenda juu. Kompyuta ya kizazi cha sita yenye RAM ya GB 8 ni nzima kabisa, inachapa, inafungua hati, inaingia mtandaoni, lakini Windows 11 haiitaki. Linux itaiendesha miaka mingine mingi, na masasisho ya usalama yatakuja bila malipo.

Jibu langu ni ndiyo, tuhame. Ninachopinga ni kuanzia kwenye mfumo endeshi wenyewe. Ofisi inayofuta Windows Ijumaa jioni na kumkabidhi mhasibu skrini ngeni Jumatatu asubuhi hurudi ilikotoka kabla mwezi haujaisha, tena inarudi na kinyongo.

Mfano ninaowapa watu kila mara ni wa Gendarmerie, kikosi cha Ufaransa kinachofanya kazi ya polisi hasa vijijini na katika miji midogo. Mwaka 2005 walitoa Microsoft Office kwenye kompyuta zipatazo 90,000 na kuweka OpenOffice, programu ya bure ya kuandika hati na kupiga hesabu. Windows hawakuigusa. Mwaka uliofuata wakaleta Firefox kwa ajili ya mtandao na Thunderbird kwa barua pepe, Windows ikiwa bado pale pale. Mwaka 2008 ndipo walipoanza kuweka Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux, na hawakuanza na kompyuta zote, walianza na zipatazo 5,000. Toleo lao wenyewe wakaliita GendBuntu. Kufikia 2024 lilikuwa kwenye kompyuta zaidi ya 100,000, yaani kama asilimia 97 ya zote walizonazo.

Siri yake ni rahisi kuieleza, ingawa wengi wanaipita. OpenOffice, Firefox na Thunderbird zinafanya kazi kwenye Windows na kwenye Linux vilevile. Askari aliyekwisha kuzoea programu hizo kwa miaka miwili mitatu, siku ya kuletewa Ubuntu alizikuta zote zikimsubiri, barua zake zikiwa mahali pake. Wakati huo toleo la Windows liitwalo XP lilikuwa linaondoka na jingine, Vista, linaingia, na Vista nayo ingehitaji watu wafundishwe upya. Afisa aliyesimamia kazi hiyo alieleza kwamba tofauti kubwa walizoziona watumiaji zilikuwa aikoni na michezo, na michezo haikuwa miongoni mwa mahitaji ya kikosi.

Wanaoipinga Linux hupenda kunitajia mji wa Munich, Ujerumani, na ni haki wajibiwe. Munich iliamua kuhama mwaka 2003. Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa Microsoft, alikatiza likizo yake ya kuteleza kwenye theluji akaenda kuzungumza na meya Christian Ude, na bado mji ukasimama na uamuzi wake. Kufikia mwisho wa 2013 kompyuta kama 15,000 za mji zilikuwa kwenye Linux. Kisha uongozi ukabadilika, na mwaka 2017 baraza likapiga kura ya kurudi Windows. Watu husimulia habari hii kama ushahidi kwamba Linux haifai ofisini. Mimi naisoma kwa namna nyingine. Huduma za kompyuta za mji ule zilikuwa zimetawanyika katika vitengo zaidi ya 20, kila kimoja na mafundi wake na taratibu zake. Printa ikigoma au hati ya nje ikifunguka vibaya, mlalamikaji hakuwa na mlango mmoja wa kubisha, na lawama yote ikaangukia Linux. Gendarmerie ina kamandi moja na idara moja ya teknolojia. Kwangu mimi tofauti hiyo ina uzito kuliko jambo lolote la kiufundi.

Sasa jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini mwa Ujerumani huohuo, linafuata njia inayofanana sana na ya Wafaransa. Mwaka 2024 lilitangaza kwamba watumishi wapatao 30,000 watahamia LibreOffice, programu ya ofisi iliyozaliwa kutokana na OpenOffice, kisha Linux baadaye. Oktoba 2025 lilikamilisha kuhamisha barua pepe, sanduku zaidi ya 40,000, kutoka Exchange na Outlook za Microsoft kwenda programu huria za Open-Xchange na Thunderbird. Wanachokitaja zaidi ni mamlaka juu ya data zao, kwamba serikali isiwe mpangaji wa kudumu kwenye nyumba ya kampuni ya nje. Hoja hiyo inatugusa na sisi.

Nasi hatuanzi sifuri. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliokuzwa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, ni programu huria, yaani ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuirekebisha na kuigawa, na Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza 2004 kutokana na kazi ya kliniki za Ukimwi za Eldoret pamoja na wataalamu wa Indiana, Marekani. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili. Jambo hilo huwa linanifurahisha kila nikilikumbuka: hakuna aliyelazimika kuomba ruhusa, leseni yenyewe ilishatoa haki ya kutafsiri, kurekebisha na kugawa.

Kwa hiyo ofisi ikiniita, miezi ya kwanza siigusi Windows. Naweka LibreOffice pembeni ya Office iliyopo na kuanza na hati. Hapa ndipo penye kazi halisi. Barua iliyoandikwa kwa Calibri ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti hiyo, mistari inasogea na jedwali linamwagikia ukurasa wa pili, na mtu anasema LibreOffice imeharibu kazi yake. Kumbe tatizo ni fonti. Carlito ina upana wa herufi sawa na Calibri, Liberation Sans sawa na Arial, Liberation Serif sawa na Times New Roman. Nazisambaza kwenye kila kompyuta kabla mtu hajafungua hati hata moja, na malalamiko yanapungua sana. Makro za Excel, yaani amri zilizoandikwa ili faili lifanye kazi fulani lenyewe, ni ngumu zaidi. Baadhi zinakubali kwenye LibreOffice, nyingine lazima ziandikwe upya, na mara nyingi aliyeziandika alishahama kazi. Nazitafuta mapema, nauliza ipi bado inatumika, na nyingi zinagundulika kuwa hazina mtumiaji tena.

Printa nyingi za mtandao za miaka ya karibuni hazisumbui. Mifumo ya kodi na benki inayofunguka kwenye kivinjari haisumbui pia, ila naijaribu yote kwa Firefox wakati Windows ipo bado. Programu ya uhasibu inayokubali Windows peke yake, mwacheni mhasibu nayo hadi ipatikane mbadala anayoiridhia yeye mwenyewe. Kompyuta moja au mbili kubaki nyuma si kushindwa.

Wengine wote wakishazoea, ndipo naweka Linux Mint, aina nyingine ya Linux, au Ubuntu ya LTS, yaani toleo linalohudumiwa kwa miaka mingi, idara baada ya idara, nikianza na kompyuta ambazo Windows 11 imezikataa. Namwomba mkuu wa ofisi vitu viwili kabla sijaanza: fungu la mafunzo katika bajeti, kwa sababu leseni ya bure haimfundishi mtu kazi, na fundi mmoja anayejulikana kwa jina, ambaye simu zote zitakwenda kwake.