Je, wajua kwa nini anayefufua Datsun 240Z huanza na bati, injini ikangoja?

Mtu akinunua Datsun 240Z iliyolala miaka ishirini chini ya turubai, kitu cha kwanza anachotamani ni kuisikia ikinguruma. Anafungua boneti, anaazima betri, anamimina petroli kwenye kabureta. Waliokwisha kuzifufua hizi gari nyumbani hawaanzii hapo. Wao hulala chini ya gari na bisibisi mkononi, na injini wanaweza kuifunika kitambaa pembeni mwaka mzima. Kwa nini?

Kwanza tuijue gari yenyewe, maana ina historia ya kwetu. Nissan ilianza kuiuza mwishoni mwa 1969: milango miwili, viti viwili, boneti ndefu, na injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa cc 2,393. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller waliipeleka Safari Rally wakashinda. Mwaka 1973 ikashinda tena, safari hii na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews pembeni yake. Gari lile la 1971 lilirudi Japani, na mwaka 2013 wafanyakazi wa Nissan wakalifufua hadi likatembea tena.

Jibu la swali letu liko kwenye namna ilivyoundwa. Lori, au Land Rover ya zamani, lina chesisi: vyuma viwili vinene kutoka mbele hadi nyuma, na bodi imefungwa juu yake kwa bolti. Bodi ikioza, chesisi inabaki. 240Z haina chesisi ya namna hiyo. Bati lake jembamba limekunjwa, likaunganishwa kwa doti za kuchomelea mpaka likawa maboksi marefu yaliyo wazi ndani, na maboksi hayo ndiyo yanayobeba injini, difu (giaboksi ya nyuma inayozungusha magurudumu), springi na abiria. Bodi ndiyo chesisi.

Maji yakiingia ndani ya boksi hayana haraka ya kutoka. Majani makavu huziba matundu ya kutolea maji chini ya kioo cha mbele, mvua ikatuama humo. Betri imekaa kwenye kisahani karibu na ukuta unaotenganisha injini na abiria. Asidi ikidondoka miaka na miaka hula kisahani, kisha hushuka kwenye boksi lililo chini yake. Nyuma ya milango, pale bati linapopinda kuelekea gurudumu, tope hujibana na kubaki na unyevu hata wakati wa kiangazi.

Kutu yenyewe ni chuma, maji na hewa ya oksijeni vikikutana. Chumvi huharakisha mambo, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi na kutu ni kazi ya umeme mdogo mdogo juu ya chuma. Ndiyo maana gari lililoishi Mombasa au Tanga karibu na bahari, au katika nchi zinazomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, huoza kabla ya mwenzake wa bara. Ubaya mwingine ni kwamba kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichotoka. Ikiota kati ya mabati mawili yaliyoshikamana, huvimba na kuyatenganisha, halafu hubanduka na kuacha chuma kipya wazi kiliwe nacho.

Basi yule aliyelala chini ya gari anagonga. Mpini wa bisibisi ukigusa bati zima, bati linalia, sauti kavu inayorudi haraka. Anasogea kiganja kimoja kuelekea mlangoni, anagonga tena, na sauti inakuwa butu kama ya kadibodi. Anageuza bisibisi, anasukuma kwa ncha, nayo inazama mpaka shingoni huku unga mwekundu ukimwagika kifuani. Juu ya tundu hilo rangi ilikuwa inang'aa. Mtu fulani, zamani, alijaza puti, akapiga msasa, akapaka rangi, akauza.

Hapo inakuja hatua ambayo wenye pupa huiruka. Kabla ya kukata bati lililooza, bodi lazima ifungwe vyuma vya kuishikilia, hasa mlangoni, na upenyo unaouzunguka mlango upimwe na kuandikwa. Ukikata boksi la chini ya mlango bila kuegemeza kitu, bodi inalegea milimita chache tu. Unachomelea bati jipya vizuri kabisa, halafu mlango haufungi tena maisha yake yote. Na kuchomelea kwenyewe ni doti hapa, doti kule, ukingoja bati lipoe, kwa sababu bati jembamba likishika moto mwingi hujipinda.

Vipande vidogo vyenye kutu, kama mabano na bawaba, vina njia ambayo mimi naipenda kuliko msasa. Ndoo ya plastiki, maji, na magadi, ile sodiamu kaboneti inayochimbwa Ziwa Magadi kusini mwa Kenya. Kipande chenye kutu kinafungwa upande hasi wa chaja ya betri, chuma chakavu upande chanya, na viwili hivyo havigusani ndani ya maji. Vipovu vinapanda, na baada ya saa kadhaa kutu inageuka tope jeusi linalotoka kwa brashi. Vipovu hivyo vina haidrojeni, kwa hiyo ndoo ikae nje, mbali na cheche. Chuma cha pua kisitumike upande chanya, maana hutoa kromiamu yenye sumu. Springi na bolti ngumu zisiingie humo, kwa kuwa haidrojeni huzifanya zikatike ghafla.

Baada ya bati ni breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa hata gari likiwa limesimama. Mafuta ya DOT 4, daraja moja la mafuta ya breki, yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji ya kutosha, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 155. Mteremko mrefu unatosha kuyachemsha, mvuke ukaingia kwenye paipu, na pedali ikazama chini bila kushika kitu. Maji hayo hayo huozesha silinda kwa ndani.

Na hapa pana siri inayonifurahisha kila ninapoitaja. Wapenzi wengi wa 240Z, Marekani hasa, wakitaka breki bora za mbele hawanunui kitu cha mashindano. Wanachukua kalipa, yaani vibanio vya diski ya breki, za Toyota Hilux 4x4 ya miaka ya mwanzo ya 1980, zenye pistoni nne badala ya mbili za Datsun. Matundu ya bolti yanalingana. Kinachokatwa ni kile kibati cha kukinga vumbi tu. Ila pistoni zikiongezeka, mafuta yanayohitajika kuzisukuma yanaongezeka pia, na pedali hushuka zaidi isipowekwa masta silinda kubwa, ile pampu inayosukumwa na pedali. Breki za dramu za nyuma nazo zisisahaulike: mbele ikishika sana na nyuma ikilegea, gari halisimami vizuri hata kidogo.

Sasa injini. Sababu moja ya kuiacha nyuma ni kwamba ndiyo sehemu ngumu kufa: bloku ni chuma cha kusubu, na ikishindikana, injini ya cc 2,753 iliyotoka kwenye ndugu yake mkubwa 280Z inakaa palepale. Sababu nyingine hujulikana na waliokwisha kulipia kosa hilo. Injini iliyofunguliwa ikafungwa upya, kisha ikakaa miaka miwili ikingoja bodi, oili yake hushuka yote chini, kuta za silinda zikabaki wazi, ringi zikaanza kushika kutu. Fundi anatengeneza injini, halafu anaitengeneza tena kabla haijatembea hata kilomita moja.

Kuna mambo madogo yanayofaa kufanywa wakati injini iko nje. Taa za mbele zipewe rilei, swichi ya umeme inayobeba mzigo badala ya swichi ya dereva, kwa sababu kiwandani umeme wake wote ulipitishwa kwenye swichi ya dereva, nayo huungua. Paipu za mpira za petroli zibadilishwe zote, kwani petroli yenye ethanoli hulainisha mpira wa zamani.

Siku ya kuiwasha, plagi zote sita zinatolewa kwanza, oili kidogo inatiwa katika kila silinda, na injini inazungushwa kwa spana kwa mkono mpaka iwe laini. Halafu stata, bado bila plagi, mpaka mshale wa geji ya oili uinuke. Ndipo plagi zinarudi na waya zinapangwa kwa mfuatano wa silinda zinavyowaka: 1, 5, 3, 6, 2, 4.