Je, wajua kwa nini mlango wa Second Life huzunguka kama pia?

Second Life ni ulimwengu wa mtandaoni uliofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, na karibu kila kitu kilichomo kimetengenezwa na watumiaji wenyewe. Anayejenga nyumba yake ya kwanza humo huweka kuta, akaezeka paa, akasimamisha ubao wa mlango mahali pake, kisha akauamuru ugeuke nyuzi 90. Mlango haufunguki. Unazunguka palepale kama pia, nusu ikaingia sebuleni na nusu ikatokeza barazani.

Kosa si la mjenzi. Umbo la msingi la kujengea, ambalo wajenzi huliita primu, hugeuka kwa kukizunguka kitovu chake, na kitovu hicho kiko katikati kabisa. Mfumo hauna kitu kiitwacho bawaba, wala haujui kwamba ule ni mlango. Mfumo unaona sanduku jembamba tu.

Ujanja wa mafundi ni kujenga mlango wenye upana maradufu, halafu kuufuta nusu. Umbo likikatwa, kitovu hakihami. Basi ukitaka mlango wa mita 1, tengeneza sanduku lenye upana wa mita 2, kimo cha mita 3 na unene wa mita 0.1. Fungua kichupo cha Object kwenye dirisha la kujengea, tafuta mstari wa Path Cut, andika 0.375 mwanzo na 0.875 mwisho. Nusu inatoweka, na kitovu sasa kiko ukingoni, pale pale ambapo seremala angepigilia bawaba. Ikiwa umekatika unene badala ya upana, tumia 0.125 na 0.625. Usishtuke kuona vipimo bado vinasoma mita 2. Mfumo unahesabu sanduku zima, pamoja na nusu isiyoonekana.

Kinachobaki ni skripti, yaani maagizo yaliyoandikwa kwa LSL, lugha ya programu ya Second Life, na kuwekwa ndani ya mlango wenyewe:

rotation imefungwa;
integer wazi = FALSE;

default
{
    state_entry()
    {
        imefungwa = llGetLocalRot();
    }
    touch_start(integer n)
    {
        if (wazi)
        {
            llSetLocalRot(imefungwa);
            llSetTimerEvent(0.0);
        }
        else
        {
            llSetLocalRot(llEuler2Rot(<0.0, 0.0, 90.0 * DEG_TO_RAD>) * imefungwa);
            llSetTimerEvent(10.0);
        }
        wazi = !wazi;
    }
    timer()
    {
        llSetLocalRot(imefungwa);
        wazi = FALSE;
        llSetTimerEvent(0.0);
    }
}

Skripti hii muda mwingi imelala. Huamshwa na tukio: mtu akigusa mlango, touch_start inafanya kazi, sekunde 10 zikipita, timer inaufunga. Na haiendeshwi na kompyuta yako bali na seva za Second Life, ndiyo maana mlango unafunguka hata mwenye nyumba akiwa amezima mashine na kwenda kulala.

Mitego iko mingi. Wa kwanza ni kusahau DEG_TO_RAD, inayogeuza nyuzi kuwa radiani. LSL hupima pembe kwa radiani, kwa hiyo ukiandika 90 tupu umeomba radiani 90: mizunguko 14 kamili na kipande juu yake, na mlango unaishia kwenye nyuzi 117 hivi. Hakuna ujumbe wa kosa utakaokuonya, maana kwa mfumo hilo si kosa.

Wa pili ndio unaochekesha. Ukiunganisha mlango na nyumba, kipande ulichokichagua mwisho ndicho kinachokuwa kikuu, nacho huonekana kwa mstari wa njano wakati vingine vina buluu. Ukiuchagua mlango mwisho, mtu akiugusa inageuka nyumba nzima, kuta na paa. Chagua mlango kwanza, ukuta mwisho. Pia tumia llSetLocalRot kama hapo juu. Kutumia llSetRot kwenye kipande kisicho kikuu huleta pembe za ajabu mara nyumba yenyewe ikiwa haijanyooka.

Na usihifadhi skripti mlango ukiwa wazi. Ukihifadhi, state_entry inaanza upya na kuichukua pembe ya mlango ulio wazi kuwa ndiyo hali ya kufungwa, na tangu hapo kila kitu kinakwenda kinyumenyume.

Kutoka bawaba twende kwa bawabu. Ukitaka mlango ufunguke mgeni akipiga hodi, weka pembeni roboti, yaani kitu chenye skripti yake, yenye llListen (amri ya kusikiliza) kwenye chaneli 0, yaani chaneli ya mazungumzo ya kila mtu. Maneno ya kawaida husikika ndani ya mita 20, ya kunong'ona mita 10, ya kupiga kelele mita 100. Mgeni aliyesimama mita 30 ataita hodi mpaka achoke. Pitisha maneno kwenye llToLower kabla ya kulinganisha, kwa kuwa "Hodi" na "hodi" kwa LSL ni vitu viwili tofauti. Bawabu akisharidhika, aupe mlango amri kwa chaneli nyingine isiyo 0, nao mlango uhakikishe kwamba aliyeamuru ana mmiliki mmoja nao: llGetOwnerKey ya msemaji ilingane na llGetOwner. Bila hivyo, jirani yeyote anayeijua chaneli anaingia.

Bawabu anayejibu kila anachosikia ni balaa. Hajisikii mwenyewe, lakini anamsikia bawabu wa jirani. Huyu anasema karibu, yule anajibu karibu, na hawakomi. Dawa ni kupuuza kisicho avata, yaani mwili wa mtumiaji ndani ya Second Life: llGetAgentSize ikirudisha ZERO_VECTOR, aliyesema si mtu aliyepo eneo hilo. Mwingine huzimika akitunza orodha ndefu ya majina ya wageni. Skripti inayoendeshwa kwa Mono, mfumo mpya wa kuendesha skripti, ina kumbukumbu ya kilobaiti 64 tu, na ya mfumo wa zamani 16. Zikijaa inasimama na kutoa Stack-Heap Collision.

Roboti hizi tusizichanganye na avata zinazoendeshwa na programu. Zile zina akaunti na mwili kama wa mtumiaji, lakini programu inayozitembeza iko kwenye kompyuta ya nje. Kompyuta hiyo ikizimwa, avata inatoka. Bawabu wa skripti hubaki mlangoni.

Ukimuuza au kumgawa bawabu wako, weka tukio la changed linalokagua CHANGED_OWNER (kubadilika kwa mmiliki) na kuita llResetScript, inayoianzisha skripti upya. Usipofanya hivyo, llListen iliyofunguliwa kwa ajili ya mmiliki wa zamani inabaki vilevile, na mnunuzi atamwamuru bawabu wake siku nzima bila kujibiwa.