Safari ya miguu na kayaki Mafia: panga maji kwanza, mzigo ufuate

Maswali mengi tunayoletewa na wanaopanga safari za siku nyingi kisiwani Mafia ni ya mzigo: hema gani, shanta la ukubwa gani, viatu vipi. Ni maswali mazuri, na anayejiandaa kwa wiki mbili za kutembea na kupiga kasia kwa kawaida ameshayapatia majibu. Kinachokosekana ni mpango wa maji: bamvua (siku za maji kujaa na kupwa sana) ni lini, maji yanapwa saa ngapi, na wewe saa hiyo utakuwa wapi.

Ghuba ya Chole hujaa na kupwa kupitia milango michache kati ya visiwa na miamba, na mlango wa Kinasi unatazama bahari kuu. Siku za bamvua, baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3. Maji hayo hutoka kwa saa 6 hivi, lakini si kwa kasi moja. Karibu nusu yake hupita katika saa ya 3 na ya 4, na hapo mkondo wa mlangoni humchukua hata mpiga kasia mwenye mikono ya chuma. Vuka maji yakiwa yamesimama, au ngoja maji mafu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo. Bamvua la pwani yetu hupwa sana kuanzia kama saa 4 asubuhi, na kayaki iliyoachwa kwenye vijito vya mikoko hubaki juu ya tope hadi mchana. Kila siku nyakati husogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo ratiba ya Jumatatu usiitumie Ijumaa.

Upepo nao una majira yake. Kati ya Juni na Septemba upepo wa kusi huchafua bahari upande wa nje wa visiwa vya Juani na Jibondo, na huko si mahali pa kayaki. Angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kila asubuhi, kisha muulize nahodha wa eneo lile. Akikwambia leo hapana, ni hapana.

"Mimi naogelea vizuri." Tukiuliza jaketi la kujiokolea liko wapi, tunaombwa tulikubali jibu hili kana kwamba ni cheti. Mkondo haumuulizi mtu kama anaogelea. Jaketi la kujiokolea huvaliwa na kufungwa mikanda kabla ya kuingia majini. Lililofungwa nyuma ya kayaki halijavaliwa.

Sasa vibali. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya mwaka 1994. Ina kilomita za mraba 822, na ndani yake wamo watu na vijiji vyao. Tozo ya kuingia hutozwa kwa kila mtu na kwa siku, na viwango vya raia na vya wageni ni tofauti. Utaratibu ni huu: unataja idadi ya watu na siku, unapewa kumbukumbu namba ya malipo, unalipa benki au kwa simu, unapata risiti, unaionyesha unapoingia kijiji cha Utende. Malipo ya mkononi bila risiti ya serikali si malipo. Chapisha risiti, itie kwenye mfuko usiopitisha maji, ukae nayo hadi siku ya mwisho, kwa sababu unaweza kuulizwa tena ukiwa kisiwani. Kuingia kwa njia ya bahari hakukuondolei tozo, na kuongeza siku bila kulipa ni kosa. Eneo limegawanywa kwa kanda, na kwenye kanda za ndani kabisa uvuvi wa aina yoyote hauruhusiwi, hata wa mshipi mmoja wa kitoweo. Matumbawe, makombe na kitu chochote cha kasa haviondoki na wewe. Ukikutwa navyo vitachukuliwa, na unaweza kutozwa faini au kufikishwa mahakamani. Matumbawe yaliyookotwa yakiwa yamekufa nayo ni matumbawe.

Kulala kwenye hema hakuanzi na kutafuta mchanga mzuri. Ufuo usio na nyumba una wenyewe. Nenda kwanza ofisi ya kijiji, jitambulishe, uombe. Upande wa nje wa Juani kasa hupanda kutaga, hivyo taa na moto haviwashwi ufuoni usiku. Magofu ya mji wa kale wa Kua, hapo hapo Juani, ni ya kutazama. Mawe yake si ya kujengea jiko.

Maji ya kunywa yatafutwe kabla ya chakula. Visiwa vidogo ni vya matumbawe, na Jibondo kwa miaka mingi ilitegemea maji ya kuletwa kwa vyombo. Hesabu lita 4 kwa mtu kwa siku, na akiba ya siku 2. Mitungi ya gesi haipandi ndege, kwa hiyo anayeruka kutoka Dar es Salaam anunue nishati mjini Kilindoni. Chandarua ni lazima.

Mwisho, andika ratiba: njia, vituo, rangi ya kayaki, idadi ya watu, na saa ambayo ukiwa hujafika utafutwe. Mwachie mtu aliyeko Mafia. Ndugu wa Dar es Salaam hawezi kusukuma boti. Namba ya dharura ni 112, ila mtandao haufiki kila mahali. Ukirudi, mpigie uliyemwachia kabla hujaoga wala kula. Boti ikishatoka usiku kumtafuta mtu aliyelala nyumba ya wageni, wanaohatarishwa ni watafutaji.