Fomu ya ushuru na ule ukanda mwekundu

Juni ikiingia, simu yangu haitulii. Nairobi nzima inakimbizana na tarehe 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha marejesho ya ushuru wa mapato KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na wenye biashara wengi hujaza fomu ya Excel wanayoipakua kutoka iTax, mfumo wake wa mtandaoni. Fomu hiyo haiendi bila makro. Makro ndizo zinazokagua ulichojaza, kisha zinakutengenezea faili ya zip ya kupandisha. Kwa hiyo mtu akikwambia usiwashe makro kamwe, amekupa ushauri usioweza kuufuata.

Makro ni programu ndogo inayosafiri ndani ya waraka. Ukiiruhusu, inafanya lolote unaloweza kulifanya wewe kwenye kompyuta hiyo: kusoma faili zako, kuzifuta, hata kutuma barua pepe kwa jina lako. Mwaka 1999 kirusi cha Melissa kilikaa ndani ya waraka wa Word, na ukiufungua kikajituma kwa anwani 50 za kwanza za Outlook yako. Tangu 2022, Microsoft huzuia makro za faili zilizotoka kwenye intaneti. Badala ya ukanda wa njano unaotokea juu ya waraka, wenye kitufe cha kuruhusu, unaona ukanda mwekundu usio na kitufe hicho.

Shida ni kwamba fomu halali nayo imetoka kwenye intaneti, kwa hiyo ukanda mwekundu unaipata vilevile.

Mama mmoja mhasibu wa duka la vipuri Kirinyaga Road alinipigia usiku. "Kijana wangu, fomu imekataa. Nishaambiwa niweke tiki kwenye Unblock tu." Nikamuuliza ameipata wapi. Ilikuja kwa barua pepe, "fomu mpya ya mwaka huu". Nikamwomba anitumie bila kuigusa. Niliifungua kwenye kompyuta yangu ya majaribio, nikabonyeza Alt na F11 kuona msimbo. Chini ya Workbook_Open, sehemu inayoendeshwa yenyewe faili inapofunguka, kulikuwa na mstari unaoita PowerShell, chombo cha Windows cha kuendesha amri, kwenda kuchukua programu nyingine mtandaoni. Fomu ya kodi haina shughuli yoyote na PowerShell. Aliifuta, akaingia iTax mwenyewe, akapakua upya.

Ile halali tuliifungulia hivi: bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia Properties, weka tiki kwenye Unblock, halafu fungua. Umeruhusu faili moja unayojua ilikotoka, basi. Ukanda hauwezi kukwambia faili ni njema au mbaya. Jambo la kujiuliza ni nani ameiweka mkononi mwako.

Na usiamini kwamba ukanda mwekundu utakuwepo kila mara. Alama ambayo Windows huibandika kwenye faili ya mtandaoni hukaa kwenye diski iliyopangwa kwa mfumo wa NTFS, kama diski ya kawaida ya Windows. Ukiihamisha faili kwa flashi yenye mfumo wa FAT32, alama hiyo inapotea njiani. Faili uliyobebewa kutoka cyber inaweza kukuonyesha ukanda wa njano tu, na kitufe chake kiko tayari. Jina la faili husaidia kidogo: .xlsx na .docx hazibebi makro, .xlsm na .docm hubeba, na zile za zamani, .xls na .doc, zinaweza kubeba bila jina kukuonya.

Kinachoniuma zaidi ni wale wanaosaidia wateja kwa kubadilisha mipangilio ili Excel iruhusu makro zote. Marejesho yanawasilishwa Juni, lakini mlango unabaki wazi mwaka mzima. Vivyo hivyo kuifanya folda ya Downloads kuwa mahali pa kuaminika (Trusted Location), ambapo makro huendeshwa bila kukuuliza. Wanaotumia LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi kama Word na Excel, waache kiwango cha usalama wa makro kilipo, juu.

Kama kuna mtu alikushikia kompyuta mwezi wa Juni, fungua Excel leo, ingia Options, Trust Center, Trust Center Settings, kisha Macro Settings. Ukikuta zote zimeruhusiwa, rudisha kwenye chaguo la kuzizima huku ukipewa taarifa. Fanya hivyo kwenye Word pia, kwa sababu kila programu ina mpangilio wake.