Ibada ya Kila Siku: Kwa Nini Desturi Si Mazoea

Mhubiri akitaka kuwachoma waumini mahali panapouma, huwaita Wakristo wa mazoea. Kanisa zima hutulia, kwa kuwa kila mmoja anajua anachosemewa: kusali huku akili iko kwenye sufuria, kuanza "Baba yetu" na kushtukia umeshafika "Amina", kubeba Biblia Jumapili na kuirudisha kabatini mpaka Jumapili nyingine. Katika Kiswahili cha kanisani neno mazoea limebeba lawama. Basi mtu akihimizwa azoee kusoma Neno na kusali kila siku, moyoni hujiuliza: hayo si ndiyo yale yale tuliyokatazwa?

Swali ni la haki, na Kiswahili chenyewe kinatusaidia kulijibu, maana kina neno la pili. Injili ya Luka inasema Yesu aliingia katika sinagogi siku ya sabato "kama ilivyokuwa desturi yake" (4:16). Usiku wa kukamatwa kwake inasema tena kwamba alikwenda mlima wa Mizeituni, kama ilivyokuwa desturi yake (22:39). Mazoea hukubeba bila wewe kujua. Desturi umeishika mwenyewe, unajua kwa nini unaifuata, na siku moyo usipotaka unaifuata hivyo hivyo.

Ibada ya kila siku, basi, ni desturi ya mtu au ya nyumba kutenga muda, kila siku, kwa mambo matatu: kusoma kipande cha Maandiko, kusali, na kushukuru. Majina yake ni mengi. Wakatoliki husema sala za asubuhi na jioni, na wanaofuata utaratibu kamili wa zaburi na masomo huuita Masifu. Ikifanywa na familia nzima, wengi huiita ibada ya nyumbani. Waliopitia vikundi vya wanafunzi Wakristo kama UKWATA mara nyingi huiita saa ya utulivu, jina zuri ambalo limewaponza wengi. Kwa Kiswahili "saa" ni dakika 60, lakini pia ni wakati tu, kama tunaposema "saa ya kufa haijulikani". Watu hushika ile maana ya kwanza, wakaona saa nzima hawana, wakaacha kabisa. Dakika 10 zinatosha kuitwa saa ya utulivu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Danieli. Mfalme Dario ametia sahihi amri kwamba kwa siku 30 mtu asiombe dua kwa mungu wala mwanadamu yeyote ila kwake, na atakayekaidi atatupwa katika tundu la simba. Danieli anajua. Anaingia nyumbani, madirisha yake yamefunguliwa kuelekea Yerusalemu, anapiga magoti mara tatu kila siku, "akasali, akashukuru mbele za Mungu wake, kama alivyokuwa akifanya tokea hapo" (6:10). Maneno hayo ya mwisho ndiyo uzito wa mstari. Danieli hakuanza kusali kwa sababu ya simba. Amri ilimkuta tayari ana saa zake, ana dirisha lake, ana magoti yaliyoijua sakafu. Tena angalia: siku ile ya hatari bado alishukuru. Kusali kwa hofu tungemwelewa, lakini kushukuru! Nadhani alishukuru kwa sababu ndivyo alivyofanya jana yake na juzi yake.

Huku kwetu kusini mwa Tanzania desturi hii si ngeni. Wamonaki Wabenediktini wako Ndanda tangu 1906, na wao maisha yao yote yamepangwa kuzunguka saa za sala. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6, inataka zaburi zote 150 ziishe ndani ya juma moja. Kabla yao, mwaka 1876, Askofu Edward Steere wa Kanisa la Anglikana aliwaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani, kutoka Zanzibar. Steere huyo huyo ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili. Na katika kitabu cha sala cha Waanglikana zaburi zimegawanywa kwa siku 30, asubuhi na jioni, ili mkulima asiye mmonaki naye azimalize kila mwezi. Mgawanyo huo unafundisha jambo moja la busara: kila mtu na kipimo chake.

Na kipimo ndipo wengi tunapokosea. Januari mtu anaapa kusoma Biblia nzima ndani ya mwaka. Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189, sawa na sura tatu na kitu kila siku. Mwanzo inakwenda kwa raha, kwa kuwa ni visa: Nuhu, Ibrahimu, Yusufu na kaka zake. Kutoka nayo inakwenda, mpaka zinapofika sura za vipimo vya hema na rangi za mapazia. Halafu Walawi. Ukimuuliza Mkristo yeyote safari yake ya kusoma Biblia nzima iliishia wapi, uwezekano mkubwa ni Walawi, mwezi wa pili.

Mimi humshauri anayeanza achukue Injili ya Marko, ina sura 16 tu, ni siku 16. Baada ya hapo kuna hesabu tamu: Agano Jipya lina sura 260, na majuma 52 mara siku tano ni 260. Sura moja kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, Agano Jipya linaisha kwa mwaka na Jumamosi yako ya shamba iko pale pale. Zaburi nazo zina njia yake. Kama leo ni tarehe 7, soma Zaburi ya 7, ya 37, ya 67, ya 97 na ya 127, yaani unaongeza 30 kila mara. Ukizidiwa, chagua moja tu kati ya hizo. Tahadhari ni tarehe 29, inayoangukia Zaburi ya 119 yenye mistari 176. Hiyo iweke tarehe 31, ambayo haina zamu.

Soma kwa sauti. Yoshua aliambiwa kitabu cha torati kisiondoke "kinywani" mwake, bali ayatafakari maneno yake mchana na usiku (1:8), na lile neno la Kiebrania tunalolitafsiri kutafakari maana yake ni kunong'ona, kusema kwa sauti ya chini. Kutafakari kwao kulikuwa kazi ya midomo. Hili linazifaa sana nyumba zetu, ambamo bibi hana miwani lakini ana mjukuu wa darasa la tano. Mtoto akisoma mistari kumi barazani, bibi amesoma na mtoto amesoma. Anayesoma kwenye simu naye anafaidika na sauti, maana ujumbe wa kikundi cha harusi ukiingia katikati ya mstari, ukimya wake unamfichua.

Kuhusu sala nitapita haraka, kwa sababu ugomvi uliopo si mkubwa kama unavyofanywa. Wapo wanaosema sala ya kukariri haina uhai, na wapo wanaosema sala ya kujitungia huwa ni porojo. Danieli alikuwa na saa maalumu, na Zaburi ni maneno ya kukariri. Lakini Hana, mama yake Samweli, alisali kwa uchungu bila sauti, kuhani akadhani amelewa. Chukua Sala ya Bwana kama uti wa mgongo, kisha jaza nyama za kwako: jina la mgonjwa, ada ya shule, mwenzako mliyekosana jana.

Kushukuru ndiko kunakohitaji maelezo, kwa kuwa ndiko kunakoeleweka vibaya kuliko yote. Paulo aliwaandikia Wathesalonike: "ombeni bila kukoma, shukuruni kwa kila jambo" (1 The. 5:17–18). Hilo "kwa" limewaumiza watu. Mama amefiwa na mtoto, mwenzake anamwambia, "Shukuru kwa kila jambo," kana kwamba Mungu anataka apewe asante kwa ajili ya kaburi. Kigiriki cha Paulo kina neno ambalo maana yake ni "katika". Katika kila jambo, katika hali yoyote utakayokuwamo, usikose la kushukuru. Mama yule hashukuru kwa sababu ya kifo. Ndani ya msiba ule ule anaweza kushukuru kwa majirani waliolala naye chini matanga mazima, na kesho yake akalia tena. Kitabu cha Zaburi kimejaa watu wanaolalamika na kushukuru katika wimbo mmoja, na hakuna aliyewafuta.

Pia shukrani ya kila siku hutaka vitu vyenye majina. "Asante kwa yote" ndiyo njia fupi kuelekea mazoea, kwa sababu "yote" haionekani. Wakoma kumi walitakaswa, akarudi mmoja, na Yesu akauliza, "Wale kenda wa wapi?" (Luka 17:17). Sidhani kama wale kenda hawakufurahi. Walifurahi wakaenda zao, tofauti ni kwamba yule mmoja aligeuka. Kwa hiyo kila jioni geuka, utaje matatu. Mvua imewahi kunyesha. Mtoto amepona tumbo. Ming'oko ya leo ilikuwa mitamu. Hata wasomi wa saikolojia wameliona hili: Robert Emmons na Michael McCullough wa Marekani walichapisha mwaka 2003 utafiti ambamo watu walioandika mambo ya kushukuru waliyaona maisha yao kwa jicho jema kuliko walioandika kero zao. Kanisa lilikuwa na habari hiyo zamani. Neno Ekaristi asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni shukrani.

Sasa, desturi inajengwaje? Kwa kuifunga kwenye kigingi ambacho tayari kipo. Mtwara na Lindi kigingi tumepewa bure. Wakazi wengi wa huku ni Waislamu, na karibu saa 11 alfajiri adhana husikika mtaa mzima. Najua Mkristo mmoja wa Mikindani ambaye hana haja ya saa ya kengele. Jirani yake akifungua mlango kwenda msikitini, yeye anawasha taa na kufungua Biblia. Miaka mingi sasa, na hawajawahi kuamshana kwa mdomo. Mwingine kigingi chake ni chai: maji yakishawekwa jikoni, anasoma mpaka yachemke. Kwenye jiko la mkaa hizo ni dakika za kutosha, hasa mkaa ukiwa mbichi.

Mara nyingi utasikia kwamba tabia hujengwa kwa siku 21. Makanisani idadi hiyo inachanganyika na majuma matatu ambayo Danieli alijinyima chakula kizuri (sura ya 10), lakini yale yalikuwa maombolezo yenye mwanzo na mwisho. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia mpya. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka tendo lifanyike lenyewe bila kusukumwa. Kwa mwepesi zilikuwa siku 18, na kwa mwingine makadirio yalifika 254. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu.

Hilo la kukosa siku lina maana kubwa kwetu, kwa sababu tuna msimu wa korosho. Kuanzia Oktoba watu wako mashambani tangu alfajiri, wanaokota, wanatenganisha korosho na mabibo, wanaanika, wanabeba magunia kwenda AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, halafu wanasubiri mnada. Desturi nyingi zilizoanza Januari hufia hapo. Wakati kuokota kwenyewe ndiko mfano wa Biblia ulio karibu nasi zaidi. Waisraeli jangwani waliokota mana kila asubuhi, kila mtu kwa kadiri ya ulaji wake. Waliojaribu kubakiza ya kesho waliikuta ina mabuu na inanuka (Kutoka 16). Korosho ikikaushwa vizuri utaiweka ghalani na stakabadhi utapewa. Mana haikuwa na ghala. Ndiyo maana tunaomba "utupe leo", na ndiyo maana sura kumi za Jumapili hazilipi deni la juma zima, wala huwezi kusoma mapema za Novemba ili ukaokote kwa amani.

Msimu ukifika, punguza kipimo, usiondoe kigingi. Mistari mitano badala ya sura. Sala ya Bwana peke yake, ukiwa njiani. Shukrani moja, isemwe huku mnapakia magunia. Na ukikosa Jumatano, Alhamisi soma ya Alhamisi. Ya Jumatano iache.