Seli shina na ugonjwa wa kusahau: yanayosemwa barazani Ujiji na yaliyo kweli

Msimu wa maembe uliopita, baada ya isha, kijana mmoja aliyevaa suti alipita barazani kwetu Ujiji akiuza maboksi ya unga. Alisema mna seli shina ndani yake, na kwamba mtu mzima aliyeanza kusahau akikorogewa kijiko kimoja kila asubuhi, ubongo wake unaota upya. Boksi moja lilikaribia nusu ya mshahara wangu. Mama mdogo ndiye anayemlea Bibi, na Bibi siku hizi humwita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Mama mdogo alifungua pindo la kanga akahesabu nusu ya pesa palepale, kisha akanigeukia nimalizie, maana "wewe ndiye mwalimu wa baiolojia".

Sikumalizia. Tangu usiku ule nadaiwa maelezo barazani, na nimekuwa nikiyalipa kidogo kidogo.

"Seli shina unakoroga unakunywa"

Seli shina ni seli hai ambayo haijachagua kazi. Ikigawanyika inaweza kubaki kama ilivyo, au ikazaa seli ya kazi maalumu: ya damu, ya ngozi, ya neva. Maabara huzihifadhi ndani ya naitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na zikitolewa humo hulishwa na kuangaliwa kama vifaranga vya siku moja. Seli iliyokaushwa ikasagwa unga imekufa. Hata ingekuwa hai, tumbo haliitambui kama seli shina. Linaiona ni protini tu, na kazi ya tumbo kwa protini ni kuimeng'enya, iwe imetoka kwenye samaki wa mgebuka au kwenye boksi la kijana wa suti. Wauzaji wengine hudai zao zimetoka kwenye tufaha. Seli ya tufaha ikijaliwa sana itazaa tufaha.

Mzee mmoja alinibana hapo: mbona Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, wanawatibu watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa seli shina? Ni kweli, wanapandikiza uloto, yaani ute ulio ndani ya mifupa. Hiyo ndiyo tiba ya seli shina iliyokomaa, na duniani imetumika kwa miongo mingi. Lakini seli za uloto zimezaliwa kutengeneza damu, na damu ndiyo wanayoitibu. Hazitengenezi niuroni, yaani seli za neva za ubongo.

Neno linaloniudhi kuliko yote ni "ikishindikana hujapoteza kitu". Mwaka 2017 madaktari wa Marekani waliripoti wanawake watatu walioharibikiwa vibaya na macho baada ya kliniki moja ya Florida kuwachoma machoni seli zilizotolewa kwenye mafuta ya miili yao. Kabla ya hapo, mwaka 2009, iliripotiwa habari ya mvulana wa Israel aliyepelekwa Moscow kuingizwa seli shina za neva kwa ajili ya ugonjwa wa kurithi. Baada ya miaka kadhaa alikutwa na uvimbe kwenye ubongo na uti wa mgongo, na vipimo vikaonyesha ulitokana na seli za watu wengine, si zake. Seli yenye uwezo wa kugawanyika haina breki kwa kuwa tu aliyeichoma ana nia njema.

"Bibi hana ugonjwa, ni uzee. Au kuna mkono wa mtu"

Kusahau ulikoweka miwani ni uzee. Kusahau kazi ya miwani ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 55 wana demensia, yaani huu ugonjwa wa kusahau, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ugonjwa wa Alzheimer peke yake huchukua asilimia 60 hadi 70 ya hao. Kwetu Tanzania, utafiti uliofanyika vijijini wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta demensia kwa takriban asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na kuendelea. Hai si Kigoma, lakini wazee wa Hai nao ni wakulima wa migomba kama wa Kasulu.

Habari ya mkono wa mtu siitanii. Katika mikoa yetu ya magharibi na Kanda ya Ziwa, bibi anayeongea peke yake, anayetoka usiku bila kujua anakokwenda, na ambaye macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, anaweza kudhaniwa mchawi akauawa kwa dalili hizo.

Kabla ya yote mgonjwa apelekwe hospitali, kwani kuna kusahau kunakotibika: upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingo, kaswende iliyofika kwenye ubongo, sonona, hata mchanganyiko mbaya wa dawa. Na jopo la wataalamu la jarida la kitabibu la Lancet lilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya demensia ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo 14, yakiwemo presha, kisukari, sigara, uziwi usiotibiwa na kukosa shule utotoni. Nusu ya pesa aliyokuwa amehesabu mama mdogo iliishia kwenye vipimo vya presha, ya Bibi na yake mwenyewe.

"Ubongo utaota upya kama mgomba"

Mfano huu waliutoa wenzangu wa barazani, nikaupenda, kwa sababu hapa kwetu tuna mgomba na tuna mchikichi. Kata mgomba leo, machipukizi yako pembeni yanasubiri zamu. Mchikichi una kichwa kimoja cha kuotea. Ukikiharibu, mti mzima umekwisha hata uumwagilie vipi. Ngozi, damu na utumbo ni migomba. Ubongo wa mtu mzima, kwa sehemu kubwa, ni mchikichi: niuroni ikifa, mahali pake hapaoti nyingine.

Je, mtu akileta chipukizi kutoka nje akalipanda? Hapo magonjwa yanaachana njia. Katika Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa, zinazokufa zaidi ni niuroni za sehemu moja ndogo ndani kabisa ya ubongo, zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo. Shamba ni dogo na zao ni moja. Timu ya Kyoto, Japani, ilitengeneza seli changa za dopamini kutokana na seli shina, ikawapandikizia wagonjwa 7. Matokeo yaliyochapishwa 2025 yanaonyesha kuwa katika miaka miwili hakukutokea madhara makubwa, na kati ya 6 waliopimwa nafuu, 4 mwendo wao ulikuwa bora hata dawa zikiwa zimeisha nguvu mwilini. Mwaka huohuo Marekani na Canada zilitoa matokeo ya wagonjwa 12 ambao nao walivumilia upandikizaji bila madhara makubwa. Ni watu 19 kwa jumla. Majaribio ya namna hii huuliza kwanza kama tiba ni salama. Kama inaponya ni swali la majaribio makubwa zaidi.

Alzheimer hauharibu shamba moja. Unaanzia kwenye sehemu za kumbukumbu, unasambaa, na unachokata ni nyuzi zilizounganisha niuroni kwa maisha yote ya mtu. Ungempandikizia Bibi niuroni mpya, nani angezifundisha jina la binti yake? Anayeahidi kurudisha kumbukumbu kwa sindano ya seli shina hajajibu swali hilo.

"Kama haitibu, utafiti wa nini?"

Hili ndilo ninalopenda kuulizwa, ingawa hunichelewesha kula.

Tatizo la ubongo ni kwamba huwezi kumkata mgonjwa kipande akiwa hai ili uone kinachoendelea. Mwaka 1906 daktari Mjerumani Alois Alzheimer alieleza alichokiona kwenye ubongo wa mwanamke aliyekuwa mgonjwa wake: madoa ya uchafu nje ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Lakini mwanamke yule alikuwa ameshafariki. Ni kama kwenda Kibirizi asubuhi ukakuta mitumbwi imevunjika ufukweni, uulizwe upepo ulianzia wapi. Watafiti wakajaribu panya, nao panya kwa maumbile yao hawaugui Alzheimer. Inabidi waingizwe jeni za binadamu. Dawa nyingi ziliwafaa panya zikawashinda watu: kati ya zilizojaribiwa mwaka 2002 hadi 2012, asilimia 99.6 zilianguka. Zilizopita baadaye, kama lecanemab iliyoidhinishwa kikamilifu Marekani 2023, hupunguza mwendo wa ugonjwa tu, na kwa walio hatua za mwanzo.

Seli shina zimeleta njia ya kuuona upepo ukianza kuvuma. Unachukua kipande kidogo cha ngozi ya mgonjwa, au damu yake, unazirudisha seli hizo utotoni ziwe seli shina, kisha unazielekeza ziwe niuroni. Niuroni hizo zina vinasaba vilevile vya mgonjwa. Mwaka 2012 watafiti wa San Diego walionyesha kuwa niuroni zilizotokana na baadhi ya wagonjwa wa Alzheimer huzalisha protini za ugonjwa kupita kiasi, palepale kwenye kisahani cha maabara. Mwaka 2014 wenzao wa Boston walikuza seli za neva za binadamu zenye jeni za ugonjwa ndani ya kitu laini kama jeli, na yale madoa na zile nyuzi za 1906 vikaonekana pamoja. Unaweza pia kurekebisha herufi moja ya jeni, ukaweka niuroni iliyorekebishwa kando ya pacha wake, ukatazama tofauti. Na unaweza kuzimwagia dawa mamia bila kumuumiza mtu.

Mfano ninaoupenda ni wa ugonjwa uitwao ALS, unaoua neva za misuli mpaka mtu anashindwa kupumua. Kisahanini, niuroni za wagonjwa zilionekana kusisimka kupita kiasi, na dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya kifafa, retigabini, ikazituliza. Ikajaribiwa kwa wagonjwa 65, na kweli msisimko wa neva zao ukapungua. Hawakupona. Lakini kilichoonekana kwenye kisahani kilionekana mwilini.

Udhaifu upo, tena mkubwa. Ukiirudisha seli ya mzee wa miaka 75 utotoni, unaifuta na uzee wake. Niuroni inayotoka hapo ni changa kama ya mimba, na unaiuliza habari za ugonjwa wa wazee. Wapo wanaokwepa kwa kuigeuza ngozi moja kwa moja kuwa niuroni bila kupita utotoni, na niuroni hizo hubaki na alama za umri.

"Wanaua vichanga"

Seli shina za kwanza za kiinitete cha binadamu zilipatikana Wisconsin mwaka 1998, kutoka viinitete vya siku chache vilivyotengenezwa kwa upandishaji mimba wa maabara, vikatolewa na wenyewe kwa utafiti. Anayepinga hilo kwa dini yake simbishii. Lakini mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto alizirudisha seli za kawaida za panya kuwa seli shina kwa jeni nne tu, na mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa binadamu, akapata Nobel 2012. Sehemu kubwa ya utafiti niliousimulia inapita njia yake.

"Wakichukua damu yako wameichukua"

Wazee wetu wamekulia kwenye hadithi za mumiani, na sikuwacheka. Mwaka 1951 huko Baltimore, Mmarekani mweusi Henrietta Lacks alichukuliwa seli za saratani yake bila kuombwa. Alifariki mwaka huohuo. Seli zake zinagawanyika maabara mpaka leo na watu wametajirika nazo. Familia yake ilifikia makubaliano na kampuni moja mwaka 2023.

Siku hizi taratibu za utafiti zinadai ridhaa. Mtu aelezwe kwa lugha anayoielewa seli zake zitafanyiwa nini, na aweze kukataa. Nami ningependa tuulizwe, kwa sababu seli na vinasaba vingi vinavyotumika vimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Jeni ya APOE ya aina ya 4, inayoongeza hatari ya Alzheimer na kuogopwa sana huko, imeonekana kuwa na nguvu ndogo zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Sababu yake haitapatikana kwenye ngozi ya Mzungu.

Mama mdogo akaniuliza kama ngozi ya Bibi ingefaa. Nikamwambia ingefaa, ila faida ingekuja kwa wajukuu, si kwake. Bibi alikuwa mkekani akichambua dagaa. Aliinua kichwa akauliza, huyo bibi mnayemsema ni wa nani.