Gazeti darasani: chagua habari inayolihitaji somo

Walimu ninaowapa mafunzo ya kutumia magazeti darasani huanza karibu wote kwa njia moja. Mwalimu wa Biolojia ana mada ya mmeng'enyo wa chakula, basi anatafuta makala inayoeleza mmeng'enyo wa chakula. Anaipata, mara nyingi kwenye ukurasa wa afya, anatoa nakala, wanafunzi wanasoma, wanapigia mstari wazo kuu, kengele inalia. Hakuna kilichoharibika, ila hakuna kilichoongezeka pia. Kitabu cha kiada kingeeleza jambo lile lile kwa michoro bora na makosa machache.

Mimi huwaambia wageuze utafutaji huo. Makala inayofafanua mada iacheni. Tafuteni ile ambayo msomaji hawezi kuielewa sawasawa, wala kuihoji, mpaka awe ameishika mada. Mwandishi wa habari anaandika mbio mbio, kwa nafasi finyu, akimfikiria msomaji wa kila aina. Lazima aache mapengo, na mwalimu anayetafuta pa kuanzia somo lake aanzie hapo.

Hisabati ndiyo inayonipa mifano mingi kuliko masomo mengine, na wa kwanza ni umati. Habari za mikutano ya hadhara hupenda kusema "maelfu walifurika", au hutaja idadi kamili iliyotolewa na waandaaji. Miaka ya 1960 Herbert Jacobs, aliyekuwa akifundisha uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alitaka njia ya kukagua idadi za namna hiyo. Uwanja ambao wanafunzi walikusanyikia kuandamana ulikuwa umegawanyika kwa miraba, hivyo akahesabu watu katika miraba michache, akazidisha kwa eneo lililojaa. Vipimo vyake, vikigeuzwa kuwa mita, ni karibu mtu mmoja kwa mita ya mraba pale watu walipotawanyika, wawili na ushei wakisongamana, na wapatao wanne wakibanana kiasi cha kushindwa kupitisha mkono.

Sasa lete habari darasani. Tuseme inadai kwamba watu 50,000 walisimama kwenye uwanja wa mpira, majukwaa yakiwa matupu. Uwanja wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Gawanya: ni watu saba kwa kila mita ya mraba. Kabla wanafunzi hawajasema kama hilo linawezekana, mwalimu achore sakafuni kwa chaki mraba wa mita moja kila upande na kuwaita waingie, wawili, kisha wanne, kisha watano. Hapo watajua wenyewe, na vicheko vitakuwa vingi. Nimeona darasa lisilopenda hesabu likibishana kwa nusu kipindi juu ya makadirio ya eneo, mtu mmoja akisema jukwaa la wageni halikutolewa kwenye hesabu, mwingine akiuliza picha ilipigwa kutoka upande gani. Swali hilo la mwisho ni zuri kuliko jibu lolote la zoezi la kitabuni, kwa sababu picha iliyopigwa kwa chini, karibu na watu, hufanya umati wowote uonekane hauna mwisho.

Mfano wa pili hauchukui hata dakika kumi. Kiwango fulani kimepanda kutoka asilimia 4 hadi asilimia 6. Gazeti moja linaandika kuwa kimepanda kwa pointi mbili za asilimia, jingine linaandika kuwa kimepanda kwa asilimia 50. Nani mwongo? Hakuna. Ukishamaliza hilo, Biolojia inaingia yenyewe: kichwa cha habari kinasema kitu fulani "kinaongeza maradufu hatari" ya ugonjwa, wakati ndani ya makala, ukibahatika, utakuta hatari ilikuwa mtu mmoja kati ya 10,000 na sasa ni wawili. Makala hizo hizo ndizo huona mambo mawili yakitokea pamoja, zikadai kwamba moja limesababisha jingine. Wape wanafunzi waandike upya kichwa cha habari ili kisidai zaidi ya ulichopata utafiti, na bado kivutie kusomwa. Ni kazi ngumu, hata kwa mtu mzima.

Kwa Fizikia nina kipande cha zamani ninachokipenda. Januari 1920 gazeti la The New York Times liliandika tahariri ya kumkejeli Robert Goddard, mwanasayansi wa roketi. Hoja ya gazeti ilikuwa kwamba roketi haiwezi kwenda mbele penye ombwe, yaani pasipo hewa, kwa sababu haina kitu cha kujisukumia, na kwamba Goddard anakosa maarifa yanayogawiwa kila siku katika shule za sekondari. Usiwaambie wanafunzi mwisho wa kisa. Wape hoja ya mhariri na hoja ya Goddard, wapige kura, kisha wajitetee. Wengi huenda upande wa gazeti, kwa kuwa hewa inayosukumwa ndiyo maelezo yanayokuja kichwani kwanza. Hapo ndipo kanuni ya tatu ya Newton inapata kazi ya kufanya: gesi inayotupwa nyuma ndiyo inayoipeleka roketi mbele, na hewa ya nje haihitajiki, kwa kweli inaikwamisha. Ukishafika hapo watolee sahihisho ambalo gazeti lile lilichapisha tarehe 17 Julai 1969, siku moja baada ya chombo cha Apollo 11 kurushwa kuelekea mwezini. Goddard alikuwa amefariki tangu 1945.

Jiografia sitaikalia sana kwa sababu walimu wake tayari wanajua la kufanya na ramani za hali ya hewa. Niseme tu kwamba ramani hizo ni za siku nyingi gazetini. The Times la London lilichapisha ya mwanasayansi Francis Galton tarehe 1 Aprili 1875. Kata utabiri wa siku tatu mfululizo, ufiche wa nne, na darasa liutoe lenyewe kwa kusoma mgandamizo wa hewa na mwelekeo wa pepo.

Historia ni kinyume chake: walimu hulitumia gazeti la zamani kama shahidi asiyepingwa, na hilo linanikera. Meli ya Titanic ilizama alfajiri ya tarehe 15 Aprili 1912, watu zaidi ya 1,500 wakafa. Baadhi ya magazeti ya mwanzo yaliandika kwamba abiria wote wameokolewa na meli inavutwa kupelekwa bandarini. Habari ilipita kwenye simu za redio za meli kadhaa, ujumbe ukachanganyika, na wahariri walikuwa na saa ya kupeleka kurasa mtamboni. Mwanafunzi akisoma gazeti la siku ya kwanza, kisha la siku chache baadaye, kisha aya ya kitabu cha historia, anaona ushahidi ukijengwa na kubomolewa. Mpe kazi moja tu: kwa kila sentensi ya siku ya kwanza, aandike nani angeweza kulijua jambo hilo saa ile. Sentensi nyingi zinabaki bila mwenyewe.

Walimu wa Kiswahili wana bahati ambayo hawaitumii vya kutosha. Vichwa vyetu vya habari vinakaa kwenye mstari mmoja na vimejaa sarufi. "Fedha za ujenzi zapotea." "Fedha za ujenzi zaibwa." "Viongozi waiba fedha za ujenzi." Tukio linaweza kuwa lile lile, lakini katika sentensi ya kwanza hakuna mkosaji, katika ya pili yupo ila amefichwa, na katika ya tatu ametajwa na mhariri anahitaji ushahidi mkononi. Mnyambuliko wa vitenzi, ambao wanafunzi huukariri kama orodha, hapa unageuka kuwa suala la nani anawajibishwa. Halafu waulize kwa nini mhariri mwangalifu anaweza kuchagua sentensi ya kwanza bila kuwa na nia mbaya, maana uchunguzi huenda haujakamilika.

Kuhusu utaratibu nina machache. Habari fupi inatosha. Aya sita ni nyingi. Kwa kawaida habari za matukio huweka lililo kubwa juu na kushuka hadi mambo madogo, kwa hiyo ukikata kutoka chini hupotezi kiini. Makala za maoni hazikatwi hivyo, hoja yake inaweza kuwa kwenye aya ya mwisho. Toa kipande mwanzoni mwa kipindi, kabla ya nadharia, ili nadharia ije kama jibu. Andika jina la gazeti na tarehe pembeni kabla hujapeleka mkasi, na kama umekichukua kwenye intaneti andika hata saa, kwa kuwa makala za mtandaoni hurekebishwa baada ya kuchapishwa. Vipande vyangu navipanga kwa swali linaloulizwa, sivipangi kwa somo, kwa sababu kile cha umati nimekwisha kukitumia na walimu wa Hisabati, Uraia na Sanaa.

Kuna habari nisizoingiza darasani hata zikiwa na pengo zuri namna gani. Ajali, mauaji na misiba ya karibuni huenda ina ndugu aliyekaa dawati la nyuma. Habari za siasa nazipeleka mbili mbili, kutoka magazeti mawili yasiyoelewana, na siwaambii naegemea wapi. Wakinibana nawarudisha kwenye sentensi. Pia siamini katika "Ijumaa ya gazeti" ambapo kila darasa linasoma chochote kilichopo. Siku isiyo na habari inayolihitaji somo, kitabu kinatosha.

Kazi ya kumalizia ninayoipendekeza ni barua kwa mhariri, lakini si barua ya kusifu au kulalamika. Darasa likigundua hesabu isiyokaa sawa, liandike: kichwa cha habari, tarehe, ukurasa, sentensi yenye tatizo kama ilivyo, hesabu yao kwa hatua, na chanzo cha kila namba waliyotumia. Mwalimu aikague kama mtihani, kwa sababu mhariri ataikagua vivyo hivyo. Ikizidi nusu ukurasa waikate wenyewe, kuanzia chini.